Nani Atalipiga Jiwe?

Haya, kaeni. Vuteni miguu ndani, asije mtu akajikwaa. Hadithi hii imejaa watu waliojikwaa, nami sitaki kuongeza mwingine.

Huyu hapa ni Semeni. Ana magoti mawili, na yote mawili yana kovu.

Semeni anasoma chekechea. Shule yao iko Lushoto, juu milimani, ambako asubuhi kuna ukungu na watoto huvaa masweta.

Mlangoni mwa darasa lao kuna jiwe. Ni jiwe jeusi, la mviringo. Limechomoza kidogo tu, kama kisigino cha mtu aliyelala na blanketi fupi.

Kila mtoto amejikwaa kwenye jiwe lile. Hoza, rafiki yake Semeni, alijikwaa akiingia. Semeni alijikwaa akiingia, akajikwaa akitoka, na siku moja alijikwaa akiwa amesimama tu.

Utauliza, kwa nini hawaling'oi? Walijaribu. Jembe likavunjika, jiwe likabaki.

Lakini watoto hawakuliogopa, kwa sababu alikuwepo Bi Mwantumu.

Bi Mwantumu ndiye mlezi wa watoto pale shuleni. Alipika uji. Aliupuliza uji. Alifuta makamasi, alifunga kamba za viatu, na alijua nani anaogopa kuku.

Lakini kazi yake kubwa, Semeni alisema, ilikuwa kupiga jiwe.

Ilikuwa hivi. Semeni anakuja mbio.

Kwaa! Puu!

"Maaama!"

Bi Mwantumu anakuja. Hakimbii. Ni mama mnene, na hataki kujikwaa naye.

Anamwinua Semeni. Anapuliza goti.

Fuu. Fuu. Fuu.

Kisha anashika ncha ya kanga yake. Anageukia jiwe. Anakunja uso.

"Wee jiwe, wee! Umemwangusha mtoto wangu?"

Pa! Pa! Pa!

"Utarudia?"

Na watoto wote wanajibu kwa sauti nzito, sauti ya jiwe:

"Sirudii teeena!"

"Na maumivu yako wapi?" anauliza Bi Mwantumu.

"Yameteremka Mombo!"

Mombo ni mji ulio chini kabisa, bondeni, kwenye joto. Maumivu yakishateremka huko hayarudi. Nani ataka kupanda mlima wote ule?

Na kesho yake jiwe lilirudia. Lile jiwe halikuwa na haya hata kidogo.

Basi, asubuhi moja, Mwalimu Singano aliingia darasani amekumbatia kisanduku.

Mwalimu Singano ndiye mkuu wa shule. Ni mrefu, ni mwembamba, na anapenda vitu vipya.

"Watoto, huyu anaitwa Mjuzi," akasema. "Ni mashine yenye akili mnemba. Ukimwuliza, anajibu."

Mjuzi alikuwa mweupe, mwenye taa ya kijani.

Ting!

"Hamjambo, watoto. Mimi ni Mjuzi. Niulizeni."

Hoza akauliza kuhusu tembo. Mjuzi akajua. Semeni akauliza kuhusu mwezi. Mjuzi akajua.

"Unapenda maandazi?" Hoza akauliza.

Ting! "Sina tumbo."

Watoto wakamwonea huruma sana.

Mwalimu Singano alikuwa amefurahi mpaka masikio yamesimama. "Mmeona? Mjuzi anajua nyimbo. Anajua hadithi. Anajua kila kitu. Basi kuanzia kesho, Bi Mwantumu wetu atapumzika nyumbani. Amefanya kazi mno."

Bi Mwantumu alitabasamu. Lakini ni midomo tu iliyotabasamu. Macho yalibaki pale pale.

Alifunika sufuria ya uji. Akajitanda kanga yake.

Semeni akaivuta ile kanga. "Bi Mwantumu, nani atalipiga jiwe?"

"Mjuzi anajua kila kitu, mwanangu. Na hilo atalijua."

Akaenda zake. Alipofika mlangoni aliliruka jiwe bila kulitazama, kama watu waliogombana.

Semeni aliumia. Hakuumia gotini. Aliumia ndani, mahali ambapo mtu hawezi kupuliza.

Kesho yake Mjuzi akaanza kazi.

Ting! "Tuimbe."

Wakaimba. Wimbo ulikuwa mzuri, tusimwonee Mjuzi.

Kisha kamba za viatu vya Semeni zikafunguka. "Mjuzi, nifunge."

Ting! "Sina mikono. Nitakueleza. Pitisha kamba ya kulia juu ya kamba ya kushoto. Zungusha. Ingiza chini. Vuta."

Semeni akapitisha. Akazungusha. Akaingiza chini. Akavuta.

Akasimama. Na benchi likasimama naye.

Alikuwa amejifunga kwenye mguu wa benchi. Watoto wawili waliokaa juu yake wakateleza mpaka chini, suuu, wakaomba kuteleza tena.

Ukafika wakati wa uji. Siku hiyo uji aliupika Mwalimu Singano. Ulikuwa na mabonge, na ulikuwa wa moto.

"Mjuzi, uji wa moto," akasema Hoza.

Ting! "Ni kweli. Subirini upoe."

Wakasubiri.

"Umepoa?"

Ting! "Bado."

"Umepoa?"

Ting! "Bado."

"Mjuzi, basi upulize."

Ting! "Sina pumzi."

Watoto wakatazamana. Hana tumbo, hana mikono, na pumzi hana?

Semeni akasubiri tena, kisha akaamua kupuliza mwenyewe. Akavuta pumzi, mashavu yakajaa.

FUUUU!

Bonge moja likaruka kutoka kwenye kikombe. Likatua puani kwa Hoza.

Hoza akatoa ulimi. Akalilamba.

"Umepoa," akasema.

Baada ya uji wakatoka kucheza. Hoza alikuwa wa kwanza. Alikuwa anakimbia huku ametazama nyuma, na mnajua nini kilikuwa kinamsubiri mlangoni.

Kwaa! Puu!

"Maaama!"

Watoto wote wakageuka. Wakamtazama Mjuzi.

Ting! "Pole, Hoza. Osha goti kwa maji safi."

Mwalimu Singano akaleta maji. Akaosha goti. Goti likawa safi kabisa, na Hoza akaendelea kulia.

"Mjuzi, lipige jiwe," akasema Semeni.

Ting! "Jiwe halina kosa. Jiwe halikusogea. Hoza ndiye aliyekuwa anakimbia."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli tupu. Na Hoza alipoisikia kweli hiyo, akalia zaidi.

"Sasa nani atalipiga jiwe?" Semeni akauliza.

Hoza akazidi kulia.

Mwalimu Singano akakuna kichwa. Yeye alikuwa hajawahi kulipiga jiwe. Alikuwa akimwona tu Bi Mwantumu kwa mbali, dirishani, huku anasahihisha madaftari.

"Hiyo si kazi ngumu," akasema. "Nitalipiga mimi."

Akakunja suruali. Akarudi nyuma. Akakunja uso, vizuri kabisa.

Akaja mbio, akalipiga jiwe TEKE!

Lo. Jiwe halipigwi teke. Mtoto yeyote wa chekechea anajua hivyo. Tena Mwalimu alikuwa amevaa makubazi, vidole nje.

"Aaaai!"

Mwalimu akashika mguu. Akaruka kwa mguu mmoja. Tipu, tipu, tipu. Akazunguka mlingoti wa bendera. Tipu, tipu, tipu. Akarudi.

Hoza aliacha kulia ili aone vizuri.

Ting! "Pole, Mwalimu. Osha kidole kwa maji safi. Jiwe halina kosa. Mwalimu ndiye aliyelipiga."

"Hilo ninalijua," akasema Mwalimu Singano.

Akakaa chini, pale pale mlangoni. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka. Kidogo tu, lakini Semeni aliuona.

Semeni akamwonea huruma. Mwalimu ni mrefu, lakini alipokaa chini alikuwa sawa na wao.

Semeni hakuwa na kanga. Akavua sweta. Akalishika kwa mkono mmoja. Akageukia jiwe, akakunja uso.

"Wee jiwe, wee! Umemuumiza Mwalimu wetu?"

Pa! Pa! Pa!

"Utarudia?"

Watoto wote wakajibu, na Hoza naye, na makamasi yake:

"Sirudii teeena!"

Mwalimu Singano akacheka. Hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka.

"Na maumivu yako wapi, Mwalimu?" akauliza Semeni.

Mwalimu hakulijua jibu. Hoza akamnong'oneza sikioni.

"Aa. Yameteremka Mombo," akasema Mwalimu. Akakitazama kidole chake. Akakichezesha. "Ajabu. Mengine yameteremka kweli. Lakini mengine yameishia Soni."

Soni iko katikati ya njia. Hapo gari hupumzika.

"Hayo ya Soni mimi siyawezi," akasema Semeni. "Hayo yanataka kupulizwa. Na mimi nikipuliza, mabonge yanaruka."

Mwalimu Singano akainuka. Akalitazama jiwe. Akawatazama watoto.

"Nilikosea," akasema. "Twendeni tukamwite."

Wakaenda kwa mstari. Mbele Semeni, nyuma yake Mwalimu, ameinama kama mwavuli ili amshike Semeni bega. Nyuma watoto wote.

"Nani atalipiga jiwe?" akaimba Semeni.

"Bi Mwantumu!"

"Nani ataupuliza uji?"

"Bi Mwantumu!"

"Nani atayatoa mabonge?" akaimba Mwalimu.

"Bi Mwantumu!"

Nyumba ya Bi Mwantumu iko nyuma ya shule, kwenye bustani ya kabichi. Bi Mwantumu alikuwa amekaa juu ya ndoo. Alikuwa na kikombe cha chai, anakipuliza.

Fuu. Fuu. Fuu.

Chai yenyewe ilikuwa imepoa zamani.

"Shikamoo, Bi Mwantumu," wakasema watoto. Na Mwalimu naye akaamkia, maana Bi Mwantumu ni mkubwa kwake.

"Marahaba, wanangu. Marahaba, Mwalimu."

"Umepumzika?" Hoza akauliza.

"Nimepumzika mpaka nimechoka," akasema Bi Mwantumu. "Asubuhi nilijikwaa kwenye jembe. Nikaligombeza. Nikalipiga. Nikaliuliza, utarudia? Kimya. Hakuna aliyenijibu."

Macho yake yakajaa maji. "Nimewakumbuka, jamani."

Semeni akamkumbatia. Mikono haikuzunguka yote, lakini ilitosha.

Kisha Bi Mwantumu akamtazama Mwalimu. "Na huo mguu umefanya nini?"

"Nililipiga jiwe," akasema Mwalimu.

"Kwa nini?"

"Hoza alikuwa analia."

"La, nauliza kwa kitu gani?"

"Teke," akasema Mwalimu, polepole.

Bi Mwantumu akafunika mdomo kwa kanga. Mabega yakatikisika. Ndoo nayo ikatikisika.

"Mwalimu, sasa wewe umelipiga kweli kweli? Jiwe halisikii. Anayesikia ni mtoto."

Mwalimu Singano akakaa juu ya kabichi. "Bi Mwantumu, rudi, tafadhali. Mjuzi anajua mengi, lakini hana pumzi. Na mimi ninapika uji wa mabonge."

"Mabonge?"

"Mabonge," wakasema watoto wote.

"Makubwa?"

Hoza akaonyesha pua yake.

Bi Mwantumu akasimama. Akamwaga chai. Akajifunga kanga kiunoni.

"Mabonge sikubali," akasema. "Twendeni."

Lakini kwanza akainama. Akakishika kile kidole cha Mwalimu, akakipuliza.

Fuu. Fuu. Fuu.

Maumivu ya Soni yakaondoka, yakateremka Mombo kuwafuata wenzao.

Walipofika shuleni, Bi Mwantumu akasimama mbele ya jiwe. Jiwe likamtazama. Yeye akalitazama.

"Wee jiwe, wee! Mimi natoka kidogo tu, unawaangusha mpaka walimu?"

Pa! Pa! Pa!

"Utarudia?"

Kabla watoto hawajajibu, darasani kukasikika sauti.

Ting! "Jiwe halina mdomo. Nani huwa anajibu?"

"Sisi," akasema Semeni.

Ting! "Mnajibu badala ya jiwe?"

"Ndiyo."

Taa ya kijani ikawaka, ikazima, ikawaka. Mjuzi alikuwa anafikiri.

Ting! "Sina mikono ya kupiga jiwe. Sina pumzi ya kupuliza. Lakini ninaweza kuwa jiwe?"

Watoto wakamgeukia Bi Mwantumu. Bi Mwantumu akamgeukia Semeni. "Wewe unasemaje?"

Semeni akafikiri. Akamkumbuka Mjuzi, hana tumbo, hata maandazi hali.

"Ajaribu," akasema.

Bi Mwantumu akashika ncha ya kanga. Pa! Pa! Pa! "Utarudia?"

Na Mjuzi akajibu kwa sauti nzito, nzito, nzito, mpaka madirisha yakatetemeka:

"SIRUDIIII TEEEENA."

Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu Singano alicheka mpaka akakisahau kidole. Bi Mwantumu alicheka mpaka kanga ikafunguka.

Tangu siku hiyo kila mmoja ana kazi yake. Mjuzi anaimba, anaeleza habari za tembo, na mtu akijikwaa, yeye ndiye jiwe.

Mwalimu Singano anasahihisha madaftari, tena amevaa viatu.

Na Bi Mwantumu anapika uji, anaupuliza uji, anafunga kamba, anafuta makamasi. Na ile kazi kubwa ni yake peke yake.

Na jiwe je? Kesho yake likarudia.

Usiku Semeni alipanda kitandani akiwa ameshasinzia nusu. Mguu ukagonga mguu wa kitanda.

Kwaa!

"Maaama!"

Mama yake akaja. Akapuliza kidole. Fuu. Fuu. Fuu. Akashika ncha ya kanga.

"Wee kitanda, wee! Umemuumiza Semeni wangu?"

Pa. Pa. Pa. Polepole, maana ni usiku.

"Utarudia?"

Semeni akajibu kwa sauti ya mbao, ya usingizi:

"Sirudii teeena."

Mama akamfunika blanketi mpaka shingoni.

"Semeni, ukikua utafanya kazi gani?"

"Ya kupiga jiwe."

"Kazi hiyo itakuwepo?"

"Itakuwepo," akasema Semeni. Macho yalikuwa yamefumba. "Mawe bado yapo. Na sisi bado tunajikwaa."

Mama akapuliza taa ya chemli. Fuu.

Semeni akalala.

Na hadithi yangu nayo imefika mlangoni. Mkitoka, inueni miguu. Na ukijikwaa, niite. Kanga ninayo.